Dakika Moja Bila Honi

Binamu yangu anayeishi Toulouse alinitumia sauti ya dakika moja na nusu kwenye simu. Niliifungua nikiwa kwenye foleni ya Kitengela, ndani ya matatu iliyokuwa imezima injini ili kuokoa mafuta. Mwanzoni nilidhani imeharibika, maana haikuwa na kitu ndani: upepo, mlio mwembamba wa gurudumu linalozunguka bila kukanyagwa, ndege mmoja, na mbali kabisa kengele ya kanisa. Mwishoni ndipo akasema, "Umesikia? Tangu asubuhi nimepitwa na gari moja tu, tena la posta." Kisha, kwa ile sauti ya mtu aliyetoka nyumbani akaiona dunia, akauliza, "Na wewe na hiyo baiskeli yako utaendeshea wapi huko? Kwenye malori ya Namanga?"

Ilikuwa kejeli, lakini kejeli yenye haki yake. Baiskeli yenyewe niliinunua mtumba kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao: nyepesi, gia kumi na sita, tairi nyembamba kama kidole gumba. Kwa miezi minne kazi yake ilikuwa kuanikiwa soksi sebuleni. Mara mbili niliitoa hadi barabarani, na mara zote mbili nikarudi nyumbani nikiisukuma kwa mkono, moyo ukinidunda.

Kule kwa binamu, barabara zina daraja zake kama wazee wa ukoo. Zilizo kubwa zinaitwa kwa herufi A na N, na zile za mkoa kwa herufi D. Hizo D ni nyingi ajabu, zinaingia kila kijiji na kutokea kila shamba la mizabibu. Kwenye ramani za Michelin zile ndogo kabisa huchorwa nyeupe, na waendesha baiskeli huzifuata hizo nyeupe kama ng'ombe wanavyofuata harufu ya maji. Yeye huanzia kando ya Canal du Midi, mfereji uliofunguliwa mwaka 1681, kilomita 240 kutoka Toulouse hadi karibu na bahari ya Mediterania. Akichoka na mfereji anakata kona na kupotelea kwenye nyeupe zake. Sheria ya huko inamtaka dereva anayempita mwendesha baiskeli nje ya mji aache nafasi ya mita moja na nusu kati yao.

Mita moja na nusu! Kwenye barabara ya Namanga hiyo ni nafasi ambayo dereva wa matatu anaona inatosha matatu nyingine.

Sina haja ya kuisimulia Kitengela kwa anayeijua, ila kwa asiyeijua, ni mji uliokua kwa sababu ya kupitiwa. Upande wa Athi River kuna viwanda vya simiti na ile kanda ya viwanda vya nguo za kuuzwa nje, EPZ, iliyoanza mwaka 1990. Upande wa pili barabara inaenda hadi Namanga na kuendelea Arusha. Kwa hiyo asubuhi utaona simiti ikienda, na jioni vitunguu na machungwa ya Tanzania yakija, na katikati yetu sisi, maelfu ya watu tuliohamia hapa kwa sababu ploti za Nairobi zilitushinda. Wenyeji wa zamani bado wanapaita Noonkopir. Sisi wageni hata hatujui kwamba tuko Noonkopir.

Aliyeitoa baiskeli yangu sebuleni ni jirani yangu, soja wa usiku katika ghala moja upande wa Athi River. Ni mtu wa Busia, kule kule neno bodaboda lilikozaliwa, wakati baiskeli zilipokuwa zikivusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka kabla pikipiki hazijalirithi jina. Ujanani alibeba watu kwenye karia. Sasa anajibeba mwenyewe, kwenda kazini jioni na kurudi asubuhi, juu ya baiskeli ya Black Mamba isiyo na gia hata moja, breki za vyuma, kiti chenye springi mbili zilizokata tamaa. Mvua ikinyesha na nauli ikapanda, yeye nauli yake haipandi.

Nilimchezea ile sauti ya Toulouse tukiwa langoni. Akaisikiliza hadi mwisho, akanirudishia simu.

"Mwalimu, hata hapa kimya kipo. Ila hakiko barabarani."

"Kiko wapi?"

"Kinazunguka. Lazima umjue saa yake."

Niliona amekosea ngeli, lakini nilikuja kuelewa baadaye kwamba kwake kimya ni kama mtu, ana zamu zake kama soja. Tukapatana: Jumamosi yake ya mapumziko tuondoke alfajiri, tulale Kajiado, turudi Jumapili kabla ya zamu yake ya usiku. Kwenda ni kama kilomita hamsini. Kurudi alisema tutaona.

Tuliondoka saa kumi na moja kasoro alfajiri. Hiyo ndiyo saa aliyoimaanisha. Malori yaliyolala kando ya lami yalikuwa bado yamelala, vioo vimefunikwa na kadibodi, miguu ya utingo ikitokeza dirishani. Matatu za kwanza zilikuwa zikijaa upande wa Nairobi, si upande wetu. Kwa muda wa labda nusu saa barabara ile ile iliyokuwa imenitisha mara mbili ilikuwa yetu, lami nyeusi laini, na taa ndogo ya baiskeli yangu ikitangulia kama kifaranga. Nikasimama kando nikatoa simu nirekodi. Nilipoisikiliza baadaye nikakuta kanisa la mabati mahali fulani lilikuwa kwenye kesha, mhubiri amekauka sauti lakini spika zake hazijakauka, na juu yake adhana ya alfajiri, na juu ya vyote hivyo jogoo. Nikaifuta.

Kulipopambazuka tu, jirani akaikimbia lami. Hakunionya. Nilimwona tu akiinama kushoto na kuingia njia ya vumbi kati ya nyua mbili za seng'enge, nami nikamfuata nikishikilia breki kwa mikono miwili. Huku nyuma, upande wa Korompoi na Kisaju, njia hazina majina wala rangi kwenye ramani yoyote. Zina mawe ya mpaka yaliyopakwa chokaa, zina vibao vya ploti, hamsini kwa mia, maji na stima vipo, na mara nyingi hakuna maji wala stima. Katikati ya uwanda mtupu utakuta lango kubwa la chuma lililopakwa dhahabu, nguzo mbili za mawe, na nyuma yake hakuna nyumba, ni nyasi tu na pundamilia watatu wanaokula kama wapangaji waliolipa miezi sita.

Baiskeli yangu iliyatambua mawe yote, moja moja. Ya jirani iliyameza. Aliketi wima kama anayeendesha gari la serikali, miguu ikienda polepole isivyobadilika, mwendo ule ule kwenye mlima na mteremko, na cheni yake ikilia kwi, kwi, kwi kila pedeli la kulia liliposhuka. Nilianza kwa kuuchukia mlio huo. Kufika Kisaju nilikuwa nimeuzoea kama watu wanavyozoea saa ya ukutani.

Isinya tulikunywa chai. Mama wa kibanda alitutazama, akaitazama kofia yangu ya plastiki na suruali yangu ya kubana, akamuuliza jirani kwa upole, "Huyu ni mgonjwa?" Akajibiwa kwamba ni mwalimu. Hilo lilimtosha. Alitupa chapati mbili mbili na maharagwe, na chai ya maziwa iliyochemshwa hadi ikawa na rangi ya udongo. Upande wa pili wa barabara, nyuma ya miti, mapaa ya plastiki ya mashamba ya maua yaling'aa kama ziwa. Mawaridi yanayokatwa huko yanasafiri kwa ndege kwenda Ulaya usiku, yakiwa yamepoozwa. Nilimwandikia binamu kwamba kuna waridi lililoondoka Isinya jana ambalo litamfikia kabla mimi sijafika Kajiado. Akajibu kwa picha ya croissant.

Kutoka Isinya hadi Kajiado hatukuwa na njia ya nyuma ya kuaminika. Mvua ya wiki iliyotangulia ilikuwa imeugeuza udongo mweusi kuwa ulimbo. Mtu asiyeujua udongo wa uwanda huu na ajaribu mara moja tu. Unashika tairi, unapanda kwenye uma, unajaza breki, hadi gurudumu linakataa kuzunguka na unabaki umebeba baiskeli na kilo tano za Kajiado juu yake. Kwa hiyo tulipanda lami tena, na saa ilikuwa mbaya, saa tatu asubuhi.

Barabara inapanda taratibu, haikuambii kwamba inapanda. Kitengela iko kwenye mita elfu moja mia tano na kitu, Kajiado mia mbili hivi zaidi, na tofauti hiyo yote inakaa magotini. Upepo ulitupiga ubavuni. Kila lori lililopita lilikata upepo huo kwa sekunde mbili, baiskeli yangu ikayumba kuelekea kwenye lori, kisha upepo ukarudi na kunisukuma nje. Nilijifunza kuegemea upepo na kuuacha kwa wakati wake. Karibu na mteremko mmoja matatu ilituona, ikapiga honi ndefu, ikaja kando ya lami kushusha abiria mahali hasa tulipokuwa. Tuliruka wote wawili kwenye nyasi. Utingo akashuka na kuniambia, bila hasira kabisa, "Pole mwalimu, hatukujua kama mko na haraka." Jina langu la kazi alilijuaje? Nadhani ni ile suruali.

Jirani alifuta vumbi kwenye kiti chake na kusema, "Saa ya kimya imeisha. Tuendeshe tu."

Kajiado ni mji unaovuta pumzi. Jina lenyewe limetokana na Kimaasai, Olkeju-ado, mto mrefu, na mto huo tuliukuta mchanga mtupu, punda wawili wamesimama katikati yake wakifikiri. Reli inakatiza mjini, ile ya kutoka Konza kwenda Magadi, iliyokamilika enzi za Vita Kuu ya Kwanza kwa ajili ya magadi ya ziwani. Tulisimama kwenye makutano ya reli na barabara tukanywa maji. Kuna mtaa unaoitwa KMQ, na nusu ya vijana niliowauliza hawakujua kwamba herufi hizo ni za machimbo ya marumaru. Ukitazama chini njia ya kuelekea huko utaona vipande vyeupe ndani ya changarawe, marumaru halisi, tunaikanyaga kwa baiskeli kama kokoto.

Gesti tuliyolala ilikuwa na kitanda kimoja kwa bei ya vitanda viwili, na bafu ambalo maji yake yalikuwa kwenye ndoo ya mtu mwingine. Tuliingiza baiskeli zetu chumbani. Usiku niliamka nikakuta jirani ameketi kitini gizani, macho wazi. Nikamuuliza kama anaumwa. "Hapana. Ni saa zangu za kazi." Akaendelea kuulinda mlango hadi saa kumi.

Jumapili asubuhi hewa ilikuwa imesafika kiasi kwamba milima ya mbali ilikuwa na kingo. Upande wa kusini-mashariki, juu kabisa ya ukungu, palikuwa na kipande cheupe kisichosogea. Nikasema ni Kilimanjaro. Jirani akasema ni wingu. Tulibishana hadi nje ya mji, na tulipogeuka kuangalia tena ukungu ulikuwa umelimaliza shauri.

Mwinuko ule uliotuua Jumamosi ulitulipa. Hadi Isinya sikukanyaga pedeli kwa zaidi ya nusu ya njia, na kwa kuwa ilikuwa Jumapili asubuhi malori yalikuwa machache. Isinya tuliiacha barabara ya Namanga upande wa kulia, tukashika ile ya kwenda Kiserian ambayo watu huiita Pipeline.

Hii ndiyo niliyoitaka. Ni lami, lakini lami isiyo na haraka. Inaruka vilima vidogo kama shuka lililotandikwa ovyo, unapanda hadi huoni kitu mbele ila mbingu, kisha unashuka kwenye bonde lenye mto wa msimu na migunga, kisha mbingu tena. Mbele, siku nzima, vilima vya Ngong vinakaa kama vifundo vya ngumi, mitambo ya upepo imesimama juu yake. Gari hupita, ndiyo, lakini unalisikia kutoka kilima cha tatu, na likifika dereva anainua kidole kimoja kwenye usukani. Wanaume wenye shuka nyekundu wanatembea kando na ng'ombe wao, na unasalimia. Jirani, mtu wa Busia, alikuwa amezishika salamu za Kimaasai zote. "Supa!" "Ipa!" Watoto wanaochunga mbuzi walikuja mbio na kutuinamishia vichwa, nasi ikabidi tusimame kila mara, tumguse kila mmoja utosini, maana kumpita mtoto aliyekuinamishia kichwa ni ukosefu wa adabu usiosahaulika. Kwa hesabu yangu tulipoteza dakika arobaini kwa vichwa vya watoto.

Nilijaribu kurekodi juu ya kilima kimoja. Dakika moja tu niliitaka. Sekunde ya ishirini na nane kundi la wale watoto likatokea nyuma ya jiwe likipiga kelele "Hawayu! Hawayu!" kwa sababu mtu mwenye kofia ya plastiki hawezi kuwa wa kwao. Nikafuta tena.

Kisha mwiba. Migunga ya huku inamwaga miiba myeupe mirefu ya kushonea gunia, na mmoja ulikuwa umelala barabarani ukingoja tairi ya Mzungu. Nilisikia fss, kisha rimu ikigonga lami. Nikautoa: ulikuwa mrefu kuliko kidole changu cha kati, ncha yake bado kali. Kiraka ninacho, gundi ninayo. Pampu nilikuwa nimeinunua kwa bei ya mbuzi, ndogo, maridadi, ya kuingia mfukoni. Kwenye msukumo wa kumi na moja mpini ukakatika mkononi mwangu.

"Yako iko wapi?" nilimuuliza jirani.

"Mimi? Mimi hubeba shilingi hamsini. Pampu ni ya fundi."

Tulisukuma karibu kilomita tatu hadi senta ndogo yenye maduka manne. Fundi alikuwa wa pikipiki, kijana mwenye mikono iliyojaa oili, akifungua kabureta juu ya gazeti. Aliitazama valvu yangu muda mrefu. Baiskeli za aina hii zina valvu nyembamba yenye msumari juu, ambayo Wajerumani hadi leo huiita kwa jina la Mfaransa aliyeibuni, Sclaverand. Kichwa cha pampu ya pikipiki kinaimeza nzima bila kuishika. Mimi nilikuwa tayari nimeanza kuhesabu nauli ya kurudi nikiwa na baiskeli mabegani.

Fundi hakusema kitu. Aliuchukua ule mfuniko mdogo wa plastiki wa valvu, ambao mimi ningeutupa, akaukata ncha kwa wembe ukawa pete. Akaugeuza kichwa chini, akaufunga juu ya valvu baada ya kulegeza ule msumari, kisha akabana kichwa cha pampu juu ya plastiki ile. Ikashika. Akapiga mara ishirini, akaibonyeza tairi kwa gumba, akapiga tano zaidi, akaizamisha kwenye karai la maji. Mapovu hakuna. Akanirudishia mfuniko wake. "Weka hiyo kwa mfuko. Siku nyingine usiseme hakuna pampu."

Vijana waliokuwa wamekusanyika waliniuliza kama mimi ni wa zile mbio. Nikaona nafasi ya kufundisha, ni ugonjwa wa kazi. Nikawaambia kwamba Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunza baiskeli kwa David Kinjah kule Kikuyu, akaenda akashinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Nikawaambia kuhusu Suleiman Kangangi, Mkenya aliyefariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni kwenye barabara za changarawe za Vermont, Marekani. Nikawaambia Kigali iliandaa mashindano ya dunia mwaka 2025, ya kwanza kufanyika Afrika. Walisikiliza vizuri. Fundi akarudisha kabureta mahali pake na kuuliza, "Huyo Froome alikuwa anabeba pampu?"

Alitutoza shilingi mia moja. Jirani alimwambia ni nyingi, wakaelewana themanini, na mimi nikampa mia na hamsini nyuma ya mgongo wa jirani.

Hapo ndipo mpango ukabadilika. Kuendelea hadi Kiserian kungetutupa kwenye msongamano wa Rongai, na saa zilikuwa zimekwenda. Jirani alisimama juu ya pedeli, akatazama mashariki kwa muda kama anayesoma bango, kisha akashuka kwenye lami na kuingia nyikani. Palikuwa na njia, lakini ilikuwa njia ya ng'ombe: mistari mitano au sita sambamba iliyochimbwa na kwato, vumbi laini kama unga wa muhogo, ikielekea Kitengela moja kwa moja. Alinieleza kwamba aliijua mwaka mmoja ambapo magari yaligoma siku tatu, naye alikuwa ameajiriwa kulinda nguzo za stima huku. Anayekwenda kutafuta kimya hakigundui. Anakigundua mtu ambaye hana nauli.

Sitaisahau saa ile moja na nusu. Nyasi zilikuwa za dhahabu upande mmoja na kijani upande mwingine. Migunga mifupi yenye vinundu vyeusi ilikuwa inalia, kweli inalia, upepo ukipita kwenye vitundu ambavyo sisimizi wametoboa humo ndani, filimbi mia moja zisizopatana. Twiga wanne walisimama wakatutazama, kisha wakatembea sambamba nasi, bila haraka, kwa mwendo ule ule wa Black Mamba. Mbuga ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, haina ua upande wa kusini, na wanyama hutoka humo mvua zikinyesha na kuja kula huku. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba kwa kila ekari wasijenge ua. Tulipita boma lenye mduara wa miiba na juu ya nguzo zake balbu ndogo zikiwa zimeelekezwa nje. Ni taa zile alizobuni Richard Turere, kijana wa huku huku, alipokuwa bado mtoto anayechunga ng'ombe wa babake: zinamweka-mweka usiku, moja baada ya nyingine, na simba anadhani kuna mtu anayetembea na tochi. Jirani alipendezwa nazo kuliko twiga. Alisimama akazihesabu. "Hii ni kazi yangu," akasema. "Balbu inafanya, na haiombi mshahara."

Lakini kila baada ya kilomita moja au mbili, seng'enge. Ardhi hii ilikuwa ranchi ya kikundi, ikagawanywa kwa familia moja moja miaka ya themanini, na familia zikauza, na walionunua ni watu kama mimi. Mistari ya ng'ombe ilikuwa ikifika kwenye waya na kugawanyika kushoto na kulia kama maji yaliyokutana na jiwe, ikizunguka ploti na kurudi kwenye mstari wake upande wa pili. Mara tatu tulizunguka pamoja nayo. Mara ya nne hapakuwa na pa kuzunguka. Tulibeba baiskeli juu ya waya, yake kwanza, na ilikuwa nzito kama ndama. Shati langu lilichanika begani. Waya huo, nilitambua baadaye kwa rangi ya nguzo, ni wa kampuni ile ile iliyoniuzia ploti yangu.

Kwenye uwazi wa mwisho, kabla mabati ya Kitengela hayajaanza kung'aa, nilimwomba jirani aendeshe polepole mbele yangu na asiseme. Nikashika simu kwa mkono mmoja, usukani kwa mwingine, nikaanza kurekodi. Upepo. Migunga. Kengele ya ng'ombe, ile ya bati, kutoka mahali ambapo sikuona ng'ombe. Ndege nisiyemjua. Dakika moja. Nikaiacha iende hadi moja na nusu, kama ya Toulouse, kisha nikazima kabla ya honi ya kwanza.

Tulifika saa kumi na moja kasoro jioni. Jirani alikunywa maji vikombe viwili akiwa amesimama, akavaa sare yake, akaenda kazini kwa baiskeli ile ile. Nami nikaituma ile sauti Toulouse, bila neno lolote, nikakaa kusubiri sifa.

Jibu lilikuja usiku wa manane. "Nzuri sana. Ila hiyo cheni inalia tangu mwanzo hadi mwisho. Itie mafuta, jamani."

Asubuhi nilimchezea jirani langoni, alipokuwa akirudi. Alisikiliza sauti, akasikiliza jibu, akatazama cheni yake iliyofunikwa na vumbi la kijivu la Kajiado.

"Mwambie mafuta yanavuta vumbi," akasema, akaingia kulala.